Kufundisha watoto wa shule ya msingi kuandika kwa hamu na ustadi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya walimu wa shule za msingi, na machache ni ya wazazi wanaokaa na mtoto jioni mbele ya daftari tupu. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Si lazima uyasome kwa mpangilio. Ruka uende kwenye swali linalokuumiza kichwa.

Wanafunzi wangu wakisikia neno "insha" wananuna. Nianzie wapi?

Anza kwa kujiuliza nani anasoma wanachoandika. Katika madarasa mengi msomaji ni mmoja tu, mwalimu, naye husoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, akitafuta makosa. Mtoto wa miaka tisa hachelewi kugundua kwamba kazi hiyo haimfikishii mtu habari yoyote. Anaandika ili akamatwe. Hata mtu mzima angenuna.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha mbinu, badilisha msomaji. Mwambie kila mwanafunzi wa darasa la nne aandike maelekezo ya mchezo anaoujua, kisha wanafunzi wa darasa la pili waucheze wakifuata maandishi hayo tu, bila kumuuliza mwandishi chochote. Hapo ataona kwa macho yake kwamba alisahau kueleza nani anaanza, au mchezaji akiguswa anakwenda wapi. Atataka daftari lake arekebishe, tena mara moja. Kazi nyingine za namna hiyo ni barua kwa mwenzao aliyelazwa, tangazo la kitu kilichopotea, ombi kwa mwalimu mkuu lenye sababu tatu, au kijitabu cha hadithi kilichoshonwa kwa uzi na kuwekwa penye vitabu vingine vya darasa.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1920 mwalimu wa kijijini huko Ufaransa, Célestin Freinet, aliingiza mtambo mdogo wa kuchapia darasani kwake. Watoto waliandika habari za maisha yao wenyewe, darasa likachagua ya kuchapwa, wakazipanga herufi moja moja kwa mkono, kisha kurasa zikatumwa kwa wanafunzi wa shule nyingine, ambao nao walituma za kwao. Wewe huhitaji mtambo. Unahitaji darasa jingine lililo tayari kusoma na kujibu.

Kuna wanaodhani hamu huja kwanza na ustadi hufuata. Ninavyoona mimi, viwili hivyo vinavutana. Mtoto asiyejua sentensi ya pili itoke wapi hawezi kufurahia kuandika, hata umsifie asubuhi hadi jioni. Na mtoto aliyefundishwa kanuni zote lakini hajawahi kusomwa na mtu aliyetaka kujua alichoandika, ataandika mistari kumi uliyomwagiza na kuweka kalamu chini.

Waandike kwa muda gani kila siku?

Mwongozo wa Institute of Education Sciences, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa elimu, uliotolewa mwaka 2012 kwa ajili ya walimu wa shule za msingi, unapendekeza dakika 30 kwa siku kwa watoto wa awali na saa 1 kwa siku kuanzia darasa la kwanza. Saa hiyo si ya somo la lugha peke yake. Nusu ni ya kufundishwa mbinu na nusu ni ya kuandika, na sehemu yake inaweza kuingia katika sayansi au maarifa ya jamii: eleza ulichokiona kwenye jaribio, andika sababu mbili za mto kufurika.

Kama ratiba yako haina saa nzima, dakika 15 za kila siku ni bora kuliko vipindi viwili vya Ijumaa. Anayeandika mara moja kwa wiki huanza upya kila wiki.

Mtoto wa darasa la kwanza hajazijua herufi zote. Si asubiri kwanza?

Asisubiri. Mwache achore, akuambie mchoro unasema nini, kisha aandike chini yake kwa herufi alizonazo. Akiandika "mba" akimaanisha "mbwa", amekuonyesha kwamba anasikia sauti ya mwanzo na irabu ya mwisho, na kwamba mfuatano wa konsonanti tatu ndio unaomshinda. Hiyo ni taarifa ambayo zoezi la kunakili kutoka ubaoni haliwezi kukupa, maana mtoto anaweza kunakili ukurasa mzima bila kusoma hata neno moja.

Mtafiti Charles Read alichapisha mwaka 1971 uchunguzi wa watoto wa Marekani wasiojaenda shule waliojibunia tahajia zao. Alionyesha kwamba makosa yao hayakuwa ya kubahatisha. Yalifuata jinsi wanavyozisikia sauti. Kwa Kiswahili jambo hili ni rahisi zaidi kwa sababu maneno yetu huandikwa karibu na yanavyotamkwa. Mtoto anayezijua silabi chache tayari anaweza kuandika maneno mengi ambayo hajawahi kuyaona yameandikwa.

Tahadhari moja: tahajia ya kubuni ni ngazi, na mtoto hapaswi kukaa juu yake. Kadiri unavyofundisha silabi mpya, mtake azitumie sawasawa katika kazi zake.

"Mwalimu, sina la kuandika." Nimjibu nini?

Usimpe mada. Ukimpa leo, kesho atarudi.

Mara nyingi mtoto huyu ana mengi ya kusema, ila anadhani habari zake hazifai daftarini. Amezoea mada kubwa kubwa: "Umuhimu wa elimu", "Faida za mazingira". Zungumza naye dakika mbili. Muulize jana alicheka kwa sababu gani, nani humwudhi nyumbani, ni kitu gani anajua kukifanya ambacho mwenzake hajui. Akianza kusimulia, msikilize kweli, kisha mrudishie maneno yake: "Umesema kaka yako alijificha juu ya mti mpaka giza likaingia. Andika hapo hapo, alipokuwa juu ya mti."

Kazi kubwa zaidi ni kumfundisha kupunguza. "Likizo yangu" ni mada kubwa kiasi kwamba mtoto hutoka na orodha: tulienda, tukala, tukarudi, tukalala. Mwambie achague nusu saa moja tu ya likizo hiyo. Nusu saa ina watu wanaosema kitu, ina harufu, ina jambo lililoharibika. Ajabu ni kwamba mada ikiwa ndogo, maandishi huongezeka.

Njia nyingine:

- Kurasa mbili za mwisho za daftari ziwe za orodha: mambo ninayoyajua vizuri, mambo yanayonitisha, maswali ambayo hakuna aliyenijibu. Orodha huongezwa mwaka mzima.
- Mwandishi wa Italia Gianni Rodari aliwafundisha walimu kuchukua maneno mawili yasiyohusiana na kuyakutanisha. Jaribu "kiatu" na "wingu". Kiatu kiko juu ya wingu, au wingu limejificha ndani ya kiatu? Hadithi huanza hapo.
- Asimulie kwanza kwa mdomo, kwa mwenzake wa dawati moja. Kila msimulizi aulizwe maswali mawili kabla hajashika kalamu.

Hii ya tatu ndiyo ningeichagua kama ningeambiwa nichague moja. Watoto wetu husimulia vizuri kuliko wanavyoandika, na kusimulia kabla ya kuandika kunapunguza pengo hilo kwa gharama ya dakika tano.

Je, niandike mbele yao? Sina mwandiko mzuri wala si mtunzi.

Andika. Pengine hakuna zoea lenye faida kubwa zaidi katika ukurasa huu wote. Watoto wengi huona maandishi yakiwa yamekamilika tu, kitabuni au kwenye bango, kwa hiyo wanaamini kwamba watu wanaojua kuandika huandika moja kwa moja bila kufuta. Hawajawahi kumwona mtu mzima akisita.

Simama ubaoni na ufikiri kwa sauti. Kwa mfano:

*"Nataka kuandika kuhusu mvua ya juzi. 'Juzi mvua ilinyesha sana.' Mh. 'Sana' ni kiasi gani? Anayesoma hakuwepo. Niliona nini hasa? Maji yaliingia kwa chini ya mlango, na kiatu kimoja kikaelea. Basi nafuta 'sana'. 'Juzi mvua ilinyesha mpaka maji yakapita chini ya mlango na kukibeba kiatu cha baba.' Hapo naona picha. Sasa msomaji atataka kujua baba alifanya nini. Niandike hilo, au nianze na kelele za mvua kwanza? Ninyi mnaonaje?"*

Dakika saba zinatosha. Usitayarishe aya nzuri nyumbani ukaja kuigiza, watoto hutambua. Wakiona unafuta neno, unarudi nyuma, unauliza, watajipa ruhusa ya kufanya hivyo hivyo. Siku nyingine andikeni pamoja: wewe unashika chaki, wao wanatoa sentensi na kubishana ipi ikae. Siku ya tatu waandike wawili wawili, kisha kila mtu peke yake. Karen Harris na Steve Graham, watafiti wa Marekani, wametumia miaka mingi kuujenga na kuupima ufundishaji wa namna hii: mwalimu anaeleza mbinu, anaionyesha kwa kufikiri kwa sauti, anaitumia pamoja na wanafunzi, kisha anaondoa msaada kidogo kidogo hadi mtoto ajiendeshe. Katika uchambuzi wa tafiti nyingi ambao Graham na Dolores Perin waliutoa mwaka 2007, uliohusu darasa la nne hadi la kumi na mbili, kufundisha mbinu za kupanga, kurekebisha na kuhariri kulikuwa miongoni mwa njia zilizoleta matokeo makubwa zaidi.

Sarufi je? Si wanatakiwa kuijua kwanza?

Wanaijua zaidi ya unavyodhani. Mtoto anayekizungumza Kiswahili tangu utotoni hasemi "kiti mkubwa". Kutaja ngeli kwa majina yake ni maarifa mazuri, lakini usitegemee kwamba yatahamia kwenye insha yenyewe. Tangu mwaka 1963, Richard Braddock na wenzake walipokusanya tafiti zilizokuwepo kuhusu ufundishaji wa utunzi, imekuwa ikisemwa kwamba mazoezi ya sarufi yaliyotengwa na kuandika hayaboreshi maandishi, na huenda yakadhuru kwa kuchukua muda wa kuandika. Uchambuzi wa 2007 nilioutaja uliona vivyo hivyo. Tafiti hizo zilihusu Kiingereza, lakini sioni sababu ya daftari la Kiswahili kuwa tofauti.

Kinachosaidia ni kuunganisha sentensi. Andika ubaoni:

Paka aliruka. Paka ni mweusi. Aliruka juu ya meza. Sahani ilianguka.

Waambie wafanye sentensi moja. Utapata "Paka mweusi aliruka juu ya meza na sahani ikaanguka." Mwingine ataleta "Sahani ilianguka paka mweusi aliporuka juu ya meza." Wa tatu: "Paka mweusi aliyeruka juu ya meza ndiye aliyeangusha sahani." Zote ni sahihi. Sasa uliza: ipi inamlaumu paka zaidi? Ipi inafaa kama hadithi inahusu sahani? Wanajifunza -ki-, -ka-, -po- na virejeshi kwa kuvitumia, na wanagundua kwamba mpangilio wa maneno unabadilisha uzito wa jambo. Fanya zoezi hili mara tatu kwa wiki, dakika kumi, kwa sentensi ulizozitoa kwenye kazi zao wenyewe.

Makosa yanayojirudia katika daftari za Kiswahili si mengi, na yanafundishika kwa somo fupi la papo kwa papo: kutenganisha viambishi na kitenzi ("ana cheza", "nili mwona"), kuunganisha yasiyounganishwa ("kwasababu", "kwahiyo"), "ilikua" badala ya "ilikuwa", kuchanganya r na l mpaka kalamu ikawa karamu, na kudondosha h au kuiongeza pasipo mahali pake. Chukua kosa moja kwa wiki. Moja tu.

Nisahihishe vipi bila kumvunja moyo?

Daftari linalorudi likiwa na duara nyekundu ishirini halimfundishi mtoto mambo ishirini. Linamfundisha jambo moja: andika kifupi, utapunguza makosa. Na kweli wiki inayofuata ataandika kifupi.

Jibu kwanza kama msomaji. Mwambie ulichokipata: "Niliogopa ulipoandika mlango umejifunga." "Hapa sikuelewa, nani alikuwa anaongea?" Sentensi hizi mbili zina thamani kuliko "Vizuri, ongeza bidii", kauli ambayo mtoto hawezi kufanya nayo chochote. Sifa nayo iwe na mahali pake panapoonekana. Piga mstari chini ya neno au sentensi iliyofanya kazi na useme imefanya nini.

Kisha chagua kitu kimoja cha kumfundisha, kile ambacho akikijua kitamsaidia pia katika kazi ijayo. Kama hadithi haina mwisho, achana na alama za uakifishaji leo. Kama hadithi imesimama lakini hakuna nukta hata moja, fundisha nukta: asome kwa sauti, na kila anapopumua kwa sababu wazo limeisha aweke alama.

Kuna watakaouliza: basi makosa mengine yabaki? Katika rasimu, ndiyo. Katika kazi itakayobandikwa ukutani au kutumwa kwa watu, hapana. Hiyo ihaririwe mpaka iwe safi, maana tunamheshimu msomaji. Watoto huelewa tofauti hii vizuri sana, pengine kuliko baadhi ya wakaguzi.

Nina wanafunzi sabini. Nitazungumzaje na kila mmoja?

Hutaweza kila siku, na usijilaumu. Ukizungumza na watano kila siku, dakika mbili mbili wakati wengine wanaandika, baada ya wiki tatu utakuwa umewafikia wote. Tembea na orodha ya majina ili wale wapole wa nyuma wasisahaulike. Hao ndio hupotea kwanza.

Usisome kila kinachoandikwa. Mwanafunzi aandike zaidi ya unavyoweza kusahihisha, vinginevyo kasi ya darasa zima inakuwa kasi ya kalamu yako. Kila baada ya kazi tatu au nne, achague mwenyewe moja ya kukukabidhi, na aandike mstari mmoja akieleza kwa nini amechagua hiyo.

Wenzao wasaidie, lakini wafundishwe jinsi ya kusaidia. Ukisema tu "badilishaneni madaftari mkosoane", utapata ugomvi. Wape kazi mbili zinazoeleweka: mwambie mwandishi sehemu uliyoipenda, kisha muulize swali moja kuhusu jambo ambalo hukulielewa. Tahajia wasiiguse. Wafanye mazoezi ya hayo kwanza kwa aya yako wewe mwalimu iliyoko ubaoni. Wakikuuliza wewe maswali magumu, wataulizana pia.

Nikiwaambia warekebishe, wananakili upya kwa mwandiko mzuri basi.

Kwa sababu kwao kurekebisha maana yake ni kusafisha. Wape kazi ya mkono inayolazimisha mabadiliko. Waandike rasimu wakiruka mstari mmoja, ili pawe na nafasi ya kuongeza. Waambie watafute sentensi moja inayosema hisia ("alikasirika") na waibadilishe ionekane ("alirusha begi, akaingia bila kusalimia"). Wakate mwanzo wote hadi pale jambo linapoanza kutokea. Waandike miisho miwili na kuchagua mmoja. Agizo moja kwa kila rasimu.

Na si kila kazi inastahili kurekebishwa. Nyingine ilikuwa mazoezi, iache.

Wamezoea kukariri mianzo na methali. Niwakataze?

Unazijua: jua linachomoza, majogoo yanawika, ndege wanaimba nyimbo tamu, mwandishi anarauka akiwa mchangamfu, halafu insha ni kuhusu ajali ya baiskeli saa kumi jioni. Methali tatu zimebandikwa mwishoni kama mapambo.

Sikatazi semi. Ni hazina ya lugha, na mtoto anayezijua ana mahali pa kuchota. Kinachoua insha ni kuzitumia bila kujali kama zinahusika. Jaribu kigezo hiki: mwandishi aweze kueleza kwa nini methali hii, mahali hapa, kinywani mwa mtu huyu. Methali inayosemwa na bibi ndani ya hadithi, kwa mjukuu asiyesikia, ina uhai. Ile iliyowekwa ili kuongeza alama haina. Chukua pia mwanzo uliokaririwa na uwaulize: ukiufuta, tunapoteza nini? Mara nyingi darasa zima linajibu "hakuna" na kucheka.

Mwandiko wa mtoto wangu ni mbaya. Ni muhimu kweli siku hizi?

Uzuri si muhimu sana. Wepesi ni muhimu. Mtoto anayefikiria jinsi ya kuchora kila herufi hana nafasi iliyobaki kichwani ya kufikiria anachosema. Wazo humtoroka kabla hajamaliza neno. Ndiyo maana mazoezi mafupi ya mwandiko, dakika kumi hivi kwa siku katika madarasa ya chini, huboresha hata maudhui. Angalia anavyoshika penseli, herufi inaanzia wapi, na anavyokaa. Kumwandikisha mistari mia moja kama adhabu kunamfundisha kwamba kuandika ni adhabu.

Imla bado ina faida?

Ina faida kwa tahajia na usikivu, ikiwa fupi na maneno yakitoka katika yale wanayoyaandika. Haimfundishi mtu kutunga.

Nyumbani tunazungumza lugha nyingine. Aandike kwa ipi?

Kwa ile anayofikiria nayo, hasa mwanzoni. Anachojifunza kuhusu kupanga wazo, kumkumbuka msomaji na kumalizia hadithi hakipotei anapohamia lugha ya pili. Katika rasimu, akikwama kwenye neno, aliweke kwa lugha ya nyumbani na kuendelea. Neno la Kiswahili litatafutwa baadaye. Mtoto anayesimama dakika tano akitafuta neno moja amepoteza sentensi tatu.

Zawadi na mashindano husaidia?

Huwasaidia watatu wanaoshinda kila mara. Wengine hujifunza kwamba wao si waandishi. Afadhali kijitabu ambamo kila mtoto ana ukurasa.

Mtihani unataka insha kwa dakika arobaini. Mbinu hizi zitawafelisha?

Hili ni swali la haki. Mtihani ni aina moja ya uandishi, yenye msomaji wake aliyechoka na asiyekujua, na watoto wafundishwe hivyo waziwazi, wiki chache kabla na si mwaka mzima. Wafundishe kusoma swali mara mbili na kupiga mstari chini ya linachotaka: barua, maelezo, hoja au masimulizi. Dakika tano za kwanza ni za kupanga kwa maneno matano au sita. Dakika tano za mwisho ni za kusoma upya na kuweka nukta. Zinazobaki ni za kuandika. Mtoto aliyeandika kila siku hufika hapo akiwa na mkono mwepesi na kichwa kilichozoea kutafuta la kusema. Aliyekariri insha kumi huwa salama mpaka mada ya kumi na moja itokee.

Kompyuta na akili mnemba?

Kuchapa kwenye kompyuta ni msaada mkubwa kwenye kurekebisha, kwa sababu aya inaweza kuhamishwa bila kunakili upya, na ni nafuu ya kweli kwa mtoto ambaye mkono wake unamchelewesha. Programu inayoandika insha nzima kwa niaba yake ni jambo jingine. Tunamfundisha mtoto kuandika ili ajifunze kupanga mawazo yake. Kazi ikifanywa na mashine, hilo halitokei. Mtoto wa shule ya msingi simpi. Mwalimu akiitumia kupata aya mbovu za kurekebishwa ubaoni, sina neno.

Mimi ni mzazi. Nyumbani nifanye nini bila kugeuka mwalimu wa pili?

Uandike, akuone. Mwachie ujumbe mezani na uache nafasi ya jibu. Mpe kazi za kuandika zenye matumizi: orodha ya vitu vya kununua, majina kwenye maboksi, salamu kwa shangazi. Msomee hadithi kwa sauti, hata akiwa tayari anajua kusoma, maana mpangilio wa sentensi za maandishi huingia kwa masikio kabla ya kutoka kwa kalamu. Akikuletea alichoandika, kisome chote kabla ya kusema neno, kisha zungumzia habari iliyomo. Kama amekosea tahajia na hujaulizwa, nyamaza.

Vipi mtoto anayesimulia vizuri sana lakini karatasini hatoki na kitu?

Usiseme ni mvivu. Angalia kwa wiki kadhaa: je, anaruka au kugeuza herufi wakati wenzake wameshaacha? Anasoma kwa taabu pia? Mkono unauma baada ya mistari miwili? Anaona ubao vizuri? Baadhi ya watoto wana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno, au shida ya misuli ya mkono, na wengine wanahitaji miwani tu. Zungumza na mzazi, na pale inapowezekana na mtaalamu wa elimu maalumu. Wakati huo huo usimnyime utunzi. Asimulie, wewe au mwenzake aandike maneno yake yalivyo, kisha ayasome mwenyewe, kwa sababu ni maneno anayoyajua. Siku nyingine aandike sentensi ya mwisho tu, baadaye mbili za mwisho.

Mwanafunzi ameandika jambo zito la nyumbani kwao. Nilisome mbele ya darasa?

Hapana, na hakuna kazi yoyote inayosomwa mbele ya wengine bila mwandishi kukubali. Waambie hivyo siku ya kwanza, na uwape alama ya kuweka juu ya ukurasa inayomaanisha "mwalimu tu". Waambie pia, mapema na kwa lugha wanayoielewa, kwamba ukisoma jambo linaloonyesha mtoto anaumizwa au yuko hatarini, hutaweza kulifanya siri. Utamtafuta mtu wa kusaidia kwa kufuata utaratibu wa shule. Mtoto akikuandikia jambo la namna hiyo, usilisahihishe. Kaa naye siku hiyo hiyo, mshukuru kwa kukuambia, umwambie unamwamini, na usimhoji kwa undani. Hiyo ni kazi ya waliofunzwa.

Nianze na lipi kesho asubuhi?

Chukua dakika kumi za mwanzo wa kipindi. Andika ubaoni sentensi nne kuhusu jambo dogo lililokutokea, ukifuta na kufikiri kwa sauti. Kila mtoto amsimulie jirani yake jambo lake, aulizwe maswali mawili, kisha aandike kwa dakika kumi na tano bila wewe kutaja tahajia. Watatu wanaotaka wasome kwa sauti. Madaftari usiyakusanye.